Khocha Haalikwi kwa Wasapu

Simu yangu kubwa nilimkabidhi mke wangu Jerono mwezi wa saba, akaifungia sandukuni pamoja na mashuka ya wageni. Nilikuwa nimechoka. Kabla sijanawa uso asubuhi nilishagombana na watu wa Fesibuku nisiowajua, na jioni ugali ulipoa nikiwajibu. Jerono alisema nakaa hapa nyumbani kama mpangaji. Basi laini nikaihamishia kwenye kabambe, kisimu cha vibonyezo kisicho na intaneti, nambari ileile, nikasema anayenitaka apige.

Hakuna aliyepiga.

Kichwa kilitulia, sikatai. Nilianza tena kuisikia mvua ya alasiri ikitoka mlimani na kupita juu ya mahindi. Lakini ni katika utulivu huo nilipomkumbuka dada yangu Sellah, aliyeolewa Bungoma, nikamkumbuka hadi nikaona haya, mzee mzima. Kwenye wasapu nilimwona kila siku: Sellah kanisani, Sellah na kuku wake, Sellah na kitambaa kipya. Nilimbonyezea kidole gumba, nikaona nimemjulia hali. Sasa picha hazipo, na nilipojaribu kukumbuka anavyocheka, sauti haikuja. Kutoka hapa Kitale hadi kwake si mbali hata kidogo, na miaka ilikuwa imepita sijakanyaga.

Mwaka huu mwanawe Derrick alikuwa anatahiriwa. Kwetu Wabukusu kijana hutoka kwao na kengele mikononi, akaenda mwenyewe kumwalika khocha, yaani mjomba wake. Khocha humchinjia ng'ombe na kumvika nyama ya kidari shingoni. Derrick hana khocha mwingine ila mimi. Fahali nilikuwa nimeshamtenga, namlisha kwa mkono wangu, Jerono akinitania kwamba ananenepa kuliko bwana wake.

Agosti ikafika. Jirani yangu Festus akanionyesha kadi kwenye simu yake: picha ya Derrick, maua pembeni, na maneno "Karibuni nyote". Nyote! Mimi na muuza mitumba tumealikwa kwa kadi moja. Jerono akasema nimpigie dada yangu, yaishe. Nikakataa, nikamwambia khocha hajialiki. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa, lakini moyoni niliogopa. Kama mtu akitoka kwenye simu anakuwa ametoka pia kwa dada yake, basi nimebaki na nani?

Siku moja kabla ya kisu, kengele zilianza kulia tangu asubuhi. Kila zilipokaribia nilikwenda kusimama langoni, na kila mara zilipita kwenda kwa khocha wa watu wengine. Chai ilipoa mezani. Jerono alishika ufunguo wa sanduku akaniangalia, nami nikatikisa kichwa.

Mvua ilipokatika, kengele zikaingia kwangu. Alikuwa Derrick, kifua wazi, matope hadi magotini, na binamu zake wawili nyuma wakiimba kwa sauti zilizokauka. Mara ya mwisho kumwona alikuwa hana meno ya mbele. Aliacha kupiga kengele, akasimama akinitazama usoni, hadi nikamuuliza kama nina kitu usoni.

"Ni mama, khocha," alisema. "Ameona meseji zake zinakaa tu na tiki moja, akajua umekasirika. Akasema khocha akinuna hapigiwi simu, anaendewa. Na ati nikifika nikuangalie vizuri, nirudi nimwambie unakaa aje siku hizi. Anasema ameanza kusahau uso wako. Kwa simu uliweka tu picha ya ng'ombe."

Ni kweli. Miaka yote hiyo picha yangu kwenye wasapu ilikuwa ya ng'ombe. Mimi nilimwona Sellah kila siku, naye alikuwa akimsalimu ng'ombe.

Binamu mmoja akatoa simu anipige picha, wamtumie Sellah hapo hapo. Nikaifunika kwa kiganja.

"Weka hiyo," nikamwambia. "Uso huu nitampelekea mwenyewe kesho."

Kisha nikageuka upesi nikaenda kumfungua fahali, kwa sababu sikutaka vijana wamwone khocha akilia.