Mlango Ambao Mkunga Hakuufunga

Kwa miaka tisa mkunga aliwapima wajawazito kaswende kwa tone la damu kidoleni, na kila aliyekutwa nayo alimuuliza bila kupunguza sauti, "Umeitoa wapi hii?" Wanawake waliokaa kwenye benchi nje walisikia kila neno.

Mimba yake mwenyewe ilipofika mwezi wa nne, alimpa kidole mwenzake wa zamu huku wakitaniana. Mistari miwili ikajitokeza kwenye kipimo: alikuwa nayo. Mwenzake akainuka, akafunga mlango, akasema taratibu, "Dada, inatibika. Tukianza sindano leo, mtoto tutamkinga. Na shemeji aje apimwe."

Mkunga aliinamisha uso. Sindano hakuiogopa. Kilichomchoma moyo ni ule mlango, ambao miaka yote hiyo haikumpitikia akilini kuufunga. Alimkumbuka fundi cherehani mmoja aliyetoka humo akilia, mimba ikiwa changa, akaondoka bila sindano wala asirudi.

Jioni alimweleza mumewe. Mume akasema, "Nisamehe, mke wangu. Ni mimi." Kesho yake alikuja naye kliniki.

Juma lililofuata mkunga alimwendea fundi cherehani dukani kwake. "Nilikuvunjia heshima mbele za watu," alisema, macho chini.

Fundi alishona mpaka mwisho wa pindo ndipo akajibu. "Mtoto yule alizaliwa mfu, dada."

Mkunga akaketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Fundi hakumfukuza.