Kiganja Juu ya Maziwa

Pipa la maziwa ya unga lilikaa nyuma ya mlango wa stoo, na kila siku kabla ya kufunga, mpishi wa shule alikuwa na kazi yake moja ambayo haikuandikwa popote. Aliyasawazisha maziwa kwa mgongo wa kikombe mpaka yakalala kama shuka iliyopigwa pasi. Akanawa mkono wa kulia, akaukausha vizuri, kisha akaubonyeza katikati. Kiganja kimoja, vidole vitano. Asubuhi akikikuta kiganja chake pale pale, alijua hakuna aliyepita.

"Panya hana kidole gumba," alizoea kusema, akacheka peke yake.

Maziwa yale yalikuwa ya watoto waliolazwa chumba cha wagonjwa, si ya mtu mwingine. Mwalimu mwenyewe akiyatamani alikunywa chai ya rangi kama wengine. Na ufunguo wa stoo ulining'inia shingoni kwa mpishi, ndani ya nguo, miaka kumi na tisa sasa, mpaka ulikuwa umemwachia kovu dogo kifuani.

Asubuhi hiyo wagonjwa walikuwa watatu. Mpishi alifunua pipa, akainua kikombe achote, na mkono ukagoma hewani.

Kiganja kilikuwapo, naam. Lakini kidole gumba kilikuwa upande usio wake.

Aliushusha mkono wake wa kulia juu ya ile alama, bila kugusa. Gumba lake lilielekea mlangoni. Lile la kwenye maziwa lilielekea ukutani. Akajaribu wa kushoto. Huo ulikaa sawasawa, ila ulikuwa mkubwa, kama kiatu cha mama juu ya kiatu cha mtoto.

Akaketi juu ya gunia la vitunguu.

Mwizi wa kawaida huchota akakimbia, akaacha shimo. Huyu alichota, akasawazisha, akapiga kiganja. Aliyefanya hivyo alijua kwamba kiganja kinatakiwa kiwepo, na chini ya jua walijua watu wawili tu: mpishi mwenyewe, na mjukuu wake, ambaye alimwonyesha Jumamosi moja kwa majigambo ya uzee. "Tazama, mjukuu wangu, hapa mwizi hapenyi." Na huyo mjukuu alikuwa mashoto tangu siku alipojifunza kushika kijiko.

Wenzake walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa darasa la sita. Bibi yake ndiye aliyembembeleza mwalimu mkuu wa zamani mpaka akapatiwa kitanda bwenini, na akaapa mbele ya meza kwamba mtoto huyo hatamletea shule aibu.

"Ngaa!" Sauti ya chuma ikapasuka jikoni. Mpishi aliruka nusura aangushe pipa.

Alikuwa ni mwalimu wa nidhamu, mtu mrefu aliyenyooka mgongo, wanafunzi walimwita Rula. Alishika mfuniko wa sufuria kubwa mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, anaupima mlio.

"Mama Mpishi, shikamoo. Huu unalia vizuri. Nitauazima."

"Marahaba, Mwalimu. Wa nini?" Aliuliza tu. Jibu alikuwa nalo.

"Leo tuna mwizi. Yule binti mwembamba wa darasa la sita, Njiti. Matroni amemkuta alfajiri sweta imejaa unga wa maziwa mpaka kwenye kola. Saa nne mstarini, halafu getini. Na pipa nitaleta vijana walibebe, liwe kielelezo."

"Amekiri?"

"Amenyamaza. Asiye na hatia hunyamaza?" Akauweka mfuniko juu ya meza, akapunguza sauti. "Mama, usinione mkatili. Mwaka huu yamekwenda mablanketi, zimekwenda taa, zimekwenda mpaka sabuni za kufulia. Tukilegeza kamba, watabeba na mlango."

Akatoka. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo.

Utaratibu wa mwizi shuleni pale mpishi aliujua, maana mfuniko ulikuwa wake. Mwizi alivishwa kopo tupu shingoni. Mwenzake alitangulia akigonga mfuniko, wakapita mbele ya madarasa yote, na kila darasa likaitikia, "Mkono mrefu! Mkono mrefu!" mpaka getini. Huko alikabidhiwa sanduku lake asirudi tena. Mwaka juzi alipitishwa mvulana mmoja kwa ajili ya blanketi. Wiki mbili baadaye blanketi likaonekana nyuma ya tangi la maji, limepeperushwa na upepo. Siku hiyo hakuna aliyegonga mfuniko. Mvulana mwenyewe hakupatikana, si kwao si kwa ndugu, na mama yake alifika pale jikoni akaomba maji ya kunywa, akayashika tu asiyanywe.

Mpishi aliiangalia ile alama. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua: mgongo wa kikombe upite mara moja, kiganja kipotee, shauri liishe. Nani angejua? Njiti hakuwa damu yake.

Akainua kikombe. Unga kidogo ukamwagika ukingoni.

"Bibi."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Ingia. Funga mlango. Ni wewe?"

Mtoto aliuficha mkono wa kushoto nyuma ya sketi, na hilo likawa jibu.

"Kwa nini, mama yangu? Una njaa? Kuna mtu amekutisha?"

"Hapana, Bibi. Ni matamu."

Mpishi alitaka kulia akajikuta karibu acheke. Ni matamu! Watu hufikiri wizi una sababu kubwa.

"Uliingiaje?"

"Jana jioni, ulipokwisha kufunga stoo, ulinituma chumvi. Ulisema miguu inakuuma, ukanipa ufunguo." Machozi yakaanza kumdondoka. "Nilichota maziwa nikatia kwenye bahasha. Nikampa na Njiti. Yeye aliniuliza nimetoa wapi, nikamwambia umenipa wewe. Bahasha ikampasukia kitandani."

"Kwa hiyo Njiti hajui kama ni ya wizi?"

"Sasa anajua. Amekataa kunitaja. Amesema yeye akifukuzwa ana shangazi, mimi nikifukuzwa na wewe utafukuzwa." Akamshika bibi yake aproni kwa mikono miwili. "Bibi, usiseme. Futa. Tafadhali futa."

Ukutani, juu ya kichwa cha mtoto, palikuwa na ubao mdogo: MWANAFUNZI HAINGII STOO. Misumari ya ubao huo aliigonga mpishi mwenyewe. Na jana, kwa ajili ya magoti mawili yanayouma na kijiko cha chumvi, aliuvua ufunguo shingoni akamtupia mtoto kama anavyotupiwa mtu kitambaa cha kufutia meza.

Hapo ndipo hofu ilipogeuka ikawa na sura tatu. Hofu ya Njiti, anayevishwa kopo saa hizi. Hofu ya Chiriku, aliyemng'ang'ania. Na ya kwake mwenyewe: uzeeni, bila kazi, atashika njia na mjukuu mkononi waende wapi?

Nje, kengele ya saa tatu na nusu ikalia. Viti vikaanza kukwaruza sakafu madarasani.

Mpishi alifunika pipa taratibu, alama ikiwa ndani. Akafunga stoo. Akamshika mjukuu mkono, ule wa kushoto.

"Twende."

"Bibi, wataniua!"

"Hawakuui. Nitakuwapo." Alisema hivyo, lakini hakuwa na uhakika na neno hata moja.

Ofisini kwa mwalimu mkuu madirisha yalikuwa yamefungwa. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni pale, muhula wake wa kwanza. Rula alisimama karibu na kabati. Njiti alikuwa katikati ya chumba, ameshavishwa kopo. Shingo yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba kamba ilionekana nene kuliko shingo. Alipomwona Chiriku, aliinamisha macho haraka, kama anamwambia rudi.

"Mama, tuna kikao," alisema mwalimu mkuu.

"Ndiyo nimekuja kikaoni, Mwalimu. Mvueni huyo mtoto hilo kopo. Siye."

Rula akakunja uso. "Una ushahidi?"

"Uko kwenye pipa." Akaeleza habari ya kiganja na ya bahasha, mwanzo mpaka mwisho, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka mbali kama ya mtu aliye kisimani. Alipofika kwenye neno "mjukuu wangu" sauti ikakatika. Akalirudia.

Mwalimu mkuu aliinuka. "Tukaone."

Walikwenda wote watano. Mpishi akafungua stoo, akafunua pipa. Mwalimu mkuu alimwomba Njiti aweke mkono juu ya alama bila kugusa. Njiti akaweka wa kulia, gumba likaenda mlangoni; akaweka wa kushoto, vidole vikaipita alama. Kisha mwalimu mkuu akamgeukia Chiriku. Chiriku hakusubiri kuambiwa. Alinyoosha wa kushoto, ukakaa juu ya alama kidole kwa kidole, na hapo hapo mkojo ukamteremka miguuni mpaka kwenye soksi. Hakuna aliyecheka.

"Basi kopo limepata mwenyewe," alisema Rula, lakini hakulisema kwa furaha. "Sheria ni msumeno, Mwalimu Mkuu. Hukata mbele na nyuma."

"Ni kweli. Na huu ufunguo aliupataje?"

Mpishi angeweza kuachia hapo. Mtoto angesema ameuiba, yangekwisha.

"Nilimpa mimi," alisema. "Nilimtuma chumvi. Na ubao ule niliugonga mwenyewe."

"Basi msumeno umkate na mama?" mwalimu mkuu aliuliza. "Na wewe, Mwalimu, uliyemvisha huyu kopo bila kumpata na hatia? Umkate kwa urefu gani?"

Rula aliangalia shingo ya Njiti, pale kamba ilipoacha mstari mwekundu. "Nilimuuliza," alisema hatimaye. "Alinyamaza."

"Ulimuuliza kopo likiwa wapi?"

"Shingoni."

Mpishi hakuwa amekusudia kusema zaidi, ila maneno yalimtoka. "Mwalimu, nimekuja kumtoa mtoto mmoja motoni. Sikuja kumtupa mwingine. Ameiba, na aadhibiwe, tena msimwonee huruma kwa sababu yangu. Lakini msimpigie mfuniko. Yule wa mwaka juzi tulimpigia, na mpaka leo hajulikani alipo. Mfuniko wangu siutoi tena."

Akagundua kwamba ameyasema hayo mbele ya mkubwa wake, ambaye kazi yake iko mkononi mwake.

Mwalimu mkuu aliiangalia ile alama ndogo kwenye unga. Nje, madarasa yalikuwa yameshaanza kupangwa mstarini. Sauti za watoto mia nne zilisikika kama mvua inayokuja.

"Mstarini nitakwenda mimi," alisema. "Nitawaambia hakuna mwizi wa kupitishwa, leo wala siku nyingine. Wewe Mwalimu utasema mbele yao kwamba Njiti alisingiziwa, maana wameshamsikia akitajwa." Rula akatikisa kichwa kukubali, polepole. "Chiriku, maziwa haya ni ya wagonjwa. Mpaka muhula uishe, utaamka mapema kuliko wenzako, utaosha vikombe vyao, utawapelekea, utakaa wakinywa. Utaona ulimnyang'anya nani. Ukirudia, hapo tutaongea habari ya geti. Njiti, wewe ulificha jambo ukijua. Jumamosi mbili utamsaidia." Kisha akanyoosha mkono kwa mpishi, kiganja juu. "Mama, ufunguo."

Mpishi alivua kamba shingoni. Ilikwama kwenye kilemba, ikabidi Chiriku amsaidie kuitoa.

"Na kazi, Mwalimu?"

"Kazi unayo. Stoo huna."

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Chiriku aliyekuwa haachi kuongea alikuja na kuondoka kimya, akimsalimia bibi yake kwa heshima kama anavyosalimiwa mgeni. Mpishi hakumlazimisha. Kila alipotaka kitu stoo, mkono ulimkimbilia kifuani wenyewe, ukakuta kovu tu. Akaenda kumwomba mtunza stoo mpya amfungulie, akasimama nje ya mlango chini ya ule ubao.

Jumamosi wasichana wote wawili walikuwa kwenye karo wakiosha vikombe. Njiti alisema kitu, Chiriku akajibu kwa maneno mawili, kisha kumi, na mpishi, mgongo umewageukia, alianza kupata matumaini.

Hapo kiwiko chake kikagonga mfuniko mkubwa, ukaanguka sakafuni. "Ngaa!"

Maneno yakakatika. Alipogeuka, Njiti alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono yote miwili, povu likimteremka kwenye mikono ya sweta. Chiriku alikuwa amesimama mbele yake, amemkinga, kikombe kimeinuliwa kwa mkono wa kushoto, anautazama mlango.

Hakuna aliyeingia.

"Ni mimi," alisema mpishi. "Ni mimi tu, wajukuu zangu."

Aliinama, magoti yakilia, akauokota mfuniko. Akatandika kitambaa juu ya meza, mara mbili, kisha akaulaza juu yake taratibu, bila kutoa mlio.