Kaka Yangu Keith na Vita Dhidi ya Wala Posho

Kaka yangu Keith Ormerod alikuwa hana kazi tangu kiwanda cha biskuti alikoajiriwa kifungwe. Tangu wakati huo mimi nimeolewa, nimeachika, na nimepata mbwa mwenye adabu kuliko yule mume. Miaka yote hiyo Keith aliishi kwa posho ya serikali, ile wanayolipwa wasio na kazi, na miaka yote hiyo hapa mjini Thornsea hapakuwa na mtu aliyewachukia wanaoishi kwa posho ya serikali kumshinda Keith.

"Wavivu watupu!" alikuwa akifoka jikoni kwangu, mdomo umejaa soseji zangu. "Wanalala mpaka mchana. Wakatiwe hiyo posho uone kama hawataamka."

"Wewe leo umeamka saa ngapi?"

"Mimi kesi yangu nyingine, Glenys."

Basi akaja mgombea ubunge, Piers Hallam, na mkutano ukafanyika ukumbi wa kanisa. Alikuwa kijana mwenye meno mengi. Alisema mtu aliyekaa bila kazi zaidi ya miaka miwili asiendelee kulipwa, posho iwe na ukomo. Watu wakapiga makofi ya baridi. Ndipo Keith akasimama. Kaka yangu ana sauti ya honi ya meli, na siku hiyo aliifungulia yote. Alisema habari za heshima ya kutoka jasho, habari za watu wanaokunywa kodi zetu baa, mpaka bibi mmoja mstari wa mbele akaanza kulia. Ukumbi ulilipuka.

"Bwana, unafanya kazi gani?" Hallam akamuuliza kwa furaha.

"Biskuti," akajibu Keith.

Hakusema uongo. Hakusema tu lini.

Kuanzia kesho yake akawa mtu wa kampeni, wa kujitolea. Akavaa koti la njano, akawa anabisha hodi mlango kwa mlango. Niseme ukweli, nilimpenda kaka yangu wiki zile. Alinyoa ndevu. Alipita kwangu asubuhi akipiga mluzi, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama yetu alipokuwa hai.

Tatizo ni kwamba Jumanne moja alitakiwa kuripoti ofisi ya ajira, kama kila mla posho, na Jumanne hiyohiyo Hallam alimpandisha juu ya lori awahutubie watu wa soko la samaki. Keith akachagua lori. Wiki iliyofuata akaketi mbele ya Shabnam, binti wa ofisi hiyo anayeshughulikia watu wa mtaa wetu.

"Keith, Jumanne ulikuwa wapi?"

"Niliumwa, binti yangu. Tumbo."

Shabnam akageuza gazeti la mji lililokuwa mezani. Ukurasa wa kwanza, Keith juu ya lori, mdomo wazi kama kiboko.

"Tumbo lilikupandisha huko?"

Akamkatia posho. Hakupenda, uso wake ulionyesha. "Samahani, Keith. Sheria ndiyo hiyo."

"Na ni sheria nzuri," akasema Keith. "Tatizo mmemkamata nayo mtu siye."

Akaenda kwa Hallam kuomba kibarua cha malipo. Hallam alipogundua kwamba mzungumzaji wake hodari ni mla posho, akamshika bega, akamwambia moyo wake ni wa dhahabu, na tangu hapo simu ya Hallam ikawa haipokelewi.

Keith akaacha kuja kwangu. Nilidhani ananuna. Nilipokwenda kwake nilimkuta amekaa sebuleni na koti la njano na kofia, hita imezimwa, anakula mkate na vile vipakiti vya sosi ya nyanya vinavyotolewa bure kwenye duka la chipsi. Simu haikuwa na salio. Nauli ya basi hakuwa nayo. Na ili arudishiwe posho, ofisi inamtaka kila wiki athibitishe anatafuta kazi. Sijui aitafute kwa njozi.

Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu tayari, nikayatoa. "Haya, umekatiwa. Umeamka sasa?"

"Usinicheke, dada."

Alisema polepole, na Keith hasemi polepole. Nikaketi pembeni yake na koti langu mwilini, maana kulikuwa na baridi ya kutisha, nikala kipande cha ule mkate. Kilikuwa kibaya sana.

Baada ya hapo nikawa namletea chakula, na yeye akawa anajifanya hakioni mpaka niondoke.

Kilichomwokoa ni Beryl Stott, mwenye ukumbi wa bingo, ule mchezo wa wazee wa kusikiliza namba zikitajwa na kuzitia alama kwenye kadi. Keith aliwahi kubisha mlangoni kwake wakati wa kampeni, naye akamfukuza kwa ufagio. Siku moja akanisimamisha dukani.

"Lile jitu linalonguruma ni kaka yako?"

"Bahati mbaya, ndiyo."

"Mtaja namba wangu amehamia Hispania na mwanamke. Wazee wangu hawasikii vizuri. Niletee hilo jitu."

Nikampa Keith nauli, nikampigia shati pasi, nikamwambia asiongee siasa. Akaajiriwa. Ni jioni chache tu kwa wiki, kwa hiyo ofisi imemrudishia posho kidogo ya kujazia, lakini wale bibi wanampenda ajabu, na mmoja anamletea keki.

Uchaguzi ulipofika, Hallam akashinda. Nikamuuliza Keith alimpigia nani kura.

"Hallam."

Nikamtupia kitambaa cha vyombo usoni. "Umerogwa wewe?"

"Sera yake sawa. Wavivu wapo, Glenys."

"Haya, nitajie mmoja. Hapa mtaani."

"Terry, wa ghorofa iliyo chini yangu."

"Terry mgongo wake umeharibika. Ulimbeba mwenyewe ngazini."

"Basi si Terry. Yule Maxine."

"Maxine anamuuguza mama yake."

Akafikiri. Akawataja wengine, na kila aliyemtaja, yeye mwenyewe akaanza kumtetea kabla sijafungua mdomo. Tukaumaliza mtaa wote, tukavuka barabara, tukafika mpaka kwenye reli.

"Basi hao wavivu watakuwa mji wa jirani," akasema Keith, akaomba chai.