Kikombe Mdomo Juu

…kwa hivyo nikikifudikiza kikombe hiki, nikikilaza mdomo chini, ndiyo basi, imekwisha, Bi Zamzam atalirudisha dele lake la kahawa kwenye makaa na mimi nitalazimika kuinuka nimpigie mama nimwambie naja nyumbani au siji, kwa hivyo sikifudikizi, nimekishika tu hivi kwa vidole viwili, kikombe kidogo hakina hata mkono, chini mashapo na harufu ya tangawizi, na Bi Zamzam amesimama mbele yangu dele limeinama, "Niongeze?", na mimi sijasema ndiyo sijasema la, na dada Khairiya pale kwenye kibaraza anaendelea na hadithi yake ya harusi ya Shela, "mikeka imetoka Kipungani lakini ni mifupi, sasa bibi harusi miguu aiweke wapi", naitikia ee, ee, kama mtu anayesikiliza, na simu mapajani imelala kimya… mama alisema kabla ya saa sita, Gakii nipe jibu, nyanya yako hataki uji, hataki dawa, anakutaka wewe, na wale wa zahanati ya Shela nao wanataka jibu leo, kazi yangu ya kwanza, sare nimeshaipiga pasi imening'inia mlangoni, na jibu ni moja tu, haliwezi kuwa mawili, ningekuwa wawili ningemtuma mwenzangu… na yote haya ya kuupenda mji huu wa Amu yalianza na kuungua, Mungu wangu, mpaka leo naona aibu, mwaka wa kwanza chuoni, kila mwenzangu amepata wa kukaa naye na mimi natembea vichochoroni nikijifanya nina ninakoenda, punda ananibana ukutani, wanaume barazani na kahawa yao, nikapita nimeinamisha kichwa maana sikuona mwanamke hata mmoja ameketi, halafu nikasikia harufu, moshi, kitu kinaungua ndani ya nyumba, na mimi mwanafunzi wa uuguzi nimetoka kufundishwa huduma ya kwanza juzi, nikaugonga huu mlango kama polisi, hodi, hodi, mama, jikoni kwako kunaungua, akatoka Bi Zamzam, leso begani, mwiko mkononi, akanitazama juu mpaka chini, "Ni kahawa, mwanangu, naikaanga. Sasa wataka nisiikaange?" na akina mama waliokuwa wameketi hapa hapa dakani, kwenye hiki kivuli cha mlango, wakacheka mpaka Khairiya akajimwagia, huyu huyu wa mikeka…

kahawa, jamani, mimi, niliyezaliwa Meru katikati ya mibuni, nisijue harufu ya kahawa, lakini kwetu harufu ni nyingine kabisa, ni ya maganda yanayochacha kiwandani, ni ya gunia bichi mgongoni mwa nyanya, nilikuwa nabeba kikapu nyuma yake kabla sijajua kusoma, nyekundu chuma, kijani wacha, hayo ndiyo maneno yake ya siku nzima, na aproni yake ya gunia, na vidole vyenye weusi ambao sabuni haiutoi, na jioni tukirudi tunakunywa nini, chai, chai ya maziwa sufuria nzima, kahawa ilikuwa kitu cha kupeleka, ikishapita kwenye mzani si yetu tena, wala hakuna aliyewahi kuuliza inakwenda kunywewa na nani… na Bi Zamzam siku ile, nilipomwambia kwetu twailima ila hatuinywi, "Ndoo, ndoo uketi, nti yenu mwaipanda na hamuinwi?" nikaketi, akamimina, nikanywa, chungu hiyo, uso wote ukajikunja, lakini kwetu ukimaliza ulichopewa umemheshimu mwenye nyumba, nikamaliza, akamimina tena, nikamaliza, akamimina, mimi nawaza huyu mama ananijaribu, yeye anawaza huyu msichana wa bara ana kiu ya ajabu, mpaka nikawa najipima mapigo ya moyo kwa siri chini ya kitabu, ndipo Khairiya akanionea huruma, "Kifudikize, wewe, kilaze mdomo chini, usipokifudikiza atakumiminia mpaka Idi," na nikakifudikiza, na sikulala mpaka alfajiri, na kesho yake nikarudi, kwa nini nilirudi sijui, najua, nilirudi kwa sababu walinicheka kama mtu wao, hakuna mtu aliyekuwa amenicheka hivyo tangu nilipopanda basi kuja huku…

"…na mama mtu naye akasema mikeka hiyo hiyo, hatubadili," Khairiya anasema, na mimi ee, ee, na hapa hapa nilisomea mifupa ya mwili mzima, Bi Zamzam akinishikia kitabu juu chini maana miwani yake hakutaka kuivaa mbele za watu, hapa nilililia mtihani wa dawa, Ramadhani nilikuja wakati wa futari nikapewa tende ya kwanza kabla ya Khairiya akanuna, nilipapenda hapa, basi, nimesema, napapenda, na sasa nyanya ananiita na mimi nimekuja kujificha kwenye kahawa… kahawa, ya nyanya… Krismasi iliyopita nilimhadithia, tukiwa jikoni, nikamwambia huko niliko kuna mama anaikaanga mwenyewe, anaitwanga na tangawizi, wanawake wanaketi wanakunywa asubuhi mpaka jua linawafukuza, na nyanya akaacha kumenya viazi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na wanaoinywa husemaje?" nikafikiri anatania, hakuwa anatania, nikamwambia wanasema nzuri, nyanya, wanarudi kila siku, akavitazama vidole vyake, kisha akaendelea na viazi… miaka yote ile, mvua na jua, na hilo ndilo alilokuwa akitaka kujua, wanaoinywa husemaje, na hajawahi kuionja, hata tone, na mimi nimekaa hapa nimeinywa kwa niaba yake mpaka nimehitimu…

sasa Bi Zamzam ananitazama, dele bado limeinama, hanihimizi, "Gakii, nimimine au wafikiri?" nafikiri, Bi Zamzam, na ninachofikiri ni kwamba mkebe wa bati ule wa rafuni, wenye kahawa ambayo bado hujaikaanga, utanipa nusu yake nikaikaange mwenyewe, na utanionyesha tena tangawizi ni kiasi gani maana mimi huizidisha, na Shela watapata muuguzi mwingine, itaniuma, nitaiona ile sare mlangoni na itaniuma sana, wacha iume, siendi kwa sababu mama ameniita wala kwa sababu ni mjukuu mwema, mimi si mwema kiasi hicho, nataka tu nimkalishe nyanya kitandani, nimweke mto mgongoni, nimshikishe kikombe, nimwangalie uso ukijikunja, nimuulize, haya, na wewe wasemaje… na akikataa uji basi asikatae hii, na akiikataa pia angalau atakuwa ameinusa ikiungua, atadhani nyumba inawaka moto, atanigombeza… na Khairiya, "Gakii, wewe hunisikizi," nakusikia dada, mikeka mifupi, na kikombe bado kiko mkononi, bado hakijalazwa, na sasa najua sitakifudikiza, si leo, nitampigia mama nimwambie naja, nitakiacha hapa juu ya jiwe mdomo juu, Bi Zamzam atakijaza, kitapoa, atalalamika kwamba huyu msichana wa bara hajajifunza adabu mpaka leo, ameondoka na hajasema ametosheka, na ni kweli, Bi Zamzam, sijatosheka, mimina tu.