Akamrejea

Kitabu hakikuwa na jalada. Nilikipata kwa mama mmoja sokoni aliyekuwa akichana vitabu vya Kifaransa kufungia karanga, na kurasa za mwanzo zilikwisha kwenda na karanga zake. Haikutudhuru. Hadithi ilianzia pale pale panapouma: vita vimeingia mji mmoja wa Ufaransa, zamani za farasi na mizinga, na kapteni kijana anamwacha mkewe kwenye ngazi za nyumba, anapanda farasi, anamwambia atarudi kabla jua halijazama.

"Kabla ya magharibi," nilimsomea shangazi Khadidja.

Mguu wake ukasimama juu ya cherehani. "Alisema hivo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi harudi," akasema, na cherehani ikaanza tena.

Shangazi hakujua Kifaransa. Mimi macho yangu yalisoma Kifaransa na mdomo wangu ukatoa Kiswahili, yeye akishona, na hiyo ndiyo kazi pekee diploma yangu ilikuwa imenipa mwaka ule wa 2003. Niliifanya kwa kiburi. Sikukubali neno la Kifaransa lipite bila kuvishwa nguo zetu, na nguo nilizolivisha zilikuwa za sikukuu.

"Sema mutu kama watu, we Radhia," shangazi alikuwa akinitania. "Hiyo mtu yako inapitia puani."

"Ndiyo sahihi, shangazi."

"Sahihi ya nani? Hapa Buyenzi nani anakuelewa? Ni redio tu."

Majirani wote walijua kwa nini mguu wake ulisimama. Mwezi wa tatu mwaka 1995, wiki ile mtaa wetu na Bwiza viligeuka machinjio, mume wake Suud alipata nafasi kwenye pikapu ya kaka zake iliyokuwa ikikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Suud ni wa ukoo wa Waarabu wenye maduka Rohero, katikati ya mji. Pikapu ilijaa: mama yake, dada zake, majora ya vitambaa kutoka dukani. Alimwambia shangazi asubiri mlangoni na mtoto wao, Ilias, atarudi kuwachukua kabla ya magharibi. Nilikuwa bado msichana wa madrasa. Niliwaona wakisubiri, shangazi amesimama, Ilias begani, mwili wake unawaka homa.

Pikapu haikurudi. Bariyeri za barabarani zilifunga mtaa, hakuna aliyeweza kuvuka kwenda zahanati, na Ilias akafa ndani ya nyumba akilia kuomba maji ambayo hakuweza kuyameza. Tulimzika nyuma ya madrasa kwa sababu njia ya makaburini haikupitika. Miezi baadaye ikaja talaka moja kutoka Kigoma, alikokwishahamia, kwa mdomo wa mfanyabiashara wa mawese aliyekataa hata kukaa.

Sasa Suud alikuwa amerudi. Alishuka melini na ndevu zilizoingia mvi, akafikia kwa ndugu zake, na kabla wiki haijaisha akaja kumwambia baba yangu kwamba anamtaka Khadidja. Baba yangu, Hamimu, ndiye kaka mkubwa wa shangazi, na ndiye walii wake, mwenye kumwozesha. Alifurahi mpaka akanunua soda. Julai ile mabomu yalikuwa yameanguka mjini, watu wa mtaa wa Musaga wakalala kwenye vibaraza vya wenzao, na kutoka milimani bado yalisikika karibu kila siku. Kigoma Suud alikuwa na nyumba, tena alisema nami niende, kuna shule zinatafuta walimu. Kigoma! Mji ambako Kiswahili changu kingenipa kazi badala ya kunipa kuchekwa. Nilitaka shangazi aseme ndiyo kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani.

Sheikh Anouar angekuja Ijumaa baada ya sala kusikia jibu. Shangazi alikuwa hajakubali wala hajakataa. Alisema tu, "Kwanza tumalize kitabu."

Basi nikasoma. Kulikuwa na sura ndefu ambamo yule bibi anatoka kila jioni kusimama kwenye ngazi, mpaka anaweza kujua farasi wa nani anapita kwa kusikia kwato tu. Mimi niliiona inachosha. Shangazi alinirudisha hapo mara nyingi.

"Huyu aliyeandika anajua," alisema. "Mutu akingoja sana, miguu ndiyo inamwambia kwanza. Roho inakuja nyuma."

Alhamisi tulifika mwisho. Nilisoma kwa sauti tamu, maana mwisho ulikuwa upande wangu. Miaka imepita, kapteni anarudi. Kumbe alifungwa gerezani. Kumbe aliandika barua, na ami wa yule bibi, kwa wivu, akaiiba. Kumbe mtoto wao waliyedhani amekufa yuko hai, analelewa na masista. Bibi anasikia kwato, anatoka kwenye ngazi. Kifaransa kilisema kapteni alimchukua tena. Nikaona kuchukua ni neno la kubebea gunia. Nikatafuta neno safi, neno la kitabuni, nikalipata, nikaliachia polepole:

"Naye akamrejea."

Cherehani ikanyamaza.

"Akamrejea?"

"Ndiyo, shangazi. Ni Kiswahili fasaha."

"Najua ni Kiswahili ya nini. Mi nilipewa talaka, sikupewa ujinga. Kurejea ni ya ndani ya eda. Bwana anasema nimekurejea, imekwisha, mwanamuke haulizwi. Sasa huyu bibi, miaka yote ile, eda yake iliisha lini? Nani alimuuliza?"

"Shangazi, hawa ni Wakristo."

"Wakristo hawana mudomo? Angalia hapo. Alisema nini?"

Niliangalia. Bibi alilia. Bibi alianguka kifuani pa kapteni. Nilipekua mpaka ukurasa wa mwisho, na yule mwanamke, aliyezungumza kitabu kizima, tangu kapteni aliporudi hakuwa ametamka neno hata moja.

"Hakusema kitu," nikakiri.

"Na mutoto yuko hai."

"Yuko hai."

"Na barua iliibwa."

"Na ami yake, ndiyo."

"Kwa hiyo kapteni hakukosa kitu."

"Hakukosa."

"Sasa bibi alisamehe nini?"

Shangazi alikata uzi kwa meno, akalitandaza gauni alilokuwa akilishona juu ya mapaja yake na kulitazama kana kwamba ndilo lililomkera.

"Wamemuosha yule mwanaume kama maiti," alisema. "Pamba kila mahali. Mutu msafi hivo hasamehewi, anapewa chai. Mi siku zote hizi nilikuwa nangoja ufike mahali anasema, nilikuacha. Basi. Ningelia hapa mpaka jirani waje."

"Na Suud akisema hivyo kesho?"

Hakuinua macho. "Akisema hivo, naenda Kigoma. Hata kwa miguu naenda."

Usiku ule niliona ni jambo rahisi. Neno moja. Maneno ndiyo kazi yangu.

Ijumaa nilimvizia Suud nje ya lango letu, watu wakitoka msikitini. Kanzu yake ilinyooshwa vizuri, naye alinukia udi. Tangu arudi alikuwa akipita mbele ya madrasa ile kila alipokwenda kusali, na hakuwahi kumuuliza mtu yeyote Ilias alizikwa wapi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu wa Kigoma!" Alicheka. "Umefunga mizigo?"

"Mjomba, nikuombe kitu. Ukiingia, mwambie shangazi, niliwaacha. Neno hilo tu. Usiongeze."

Kicheko kilimganda mdomoni. "Amekutuma?"

"Hajanituma. Najua tu."

"Mi sikumuacha mutu, Radhia. Njia ilifungwa. We ulikuwa mutoto, hukuona."

"Niliona mlango wetu, mjomba."

Alinitazama kidogo, akashusha macho. Kisha akavua viatu, akaviweka sawasawa, akaingia.

Sheikh Anouar alikaa juu ya mkeka, baba kulia kwake, Suud mbele yao. Shangazi alikaa kando ya cherehani, ambayo alikuwa ameifunika khanga. Nikabaki mlangoni na birika la chai.

"Tumekutana kwa heri," sheikh alisema. "Ndugu yetu Suud amekuja kumrejea mkewe."

"Kuposa," shangazi akasema.

"Samahani?"

"Eda yangu iliisha zamani, sheikh. Amekuja kuposa."

Sheikh alitabasamu, akainamisha kichwa. "Kweli. Kuposa. Suud, sema lako."

Suud alisema, na alisema vizuri. Alieleza bariyeri ya darajani. Alieleza askari walioelekeza bunduki kwenye kioo cha pikapu. Alieleza jinsi kaka yake mkubwa alivyochukua ufunguo wa gari akauficha, na mama yake alivyomshika kanzu akilia asimwache. Alieleza kwamba alimtuma mtu na ujumbe, na yule mtu akauawa njiani. Talaka, alisema, aliitoa kwa kumhurumia, asikae amefungwa na mume asiyeweza kumfikia. Kila mtu alikuwa na sehemu katika kisa kile isipokuwa yeye. Nilimtazama shangazi. Hata barua ilikuwa imepata mwizi wake.

"Ninyi ni mashahidi," Suud alimaliza. "Mungu anajua."

Shangazi akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa:

"Yale majora ya vitambaa. Yalifika?"

"Yalifika, alhamdulillahi," Suud akajibu haraka, amefarijika kupata swali jepesi. "Yote. Ndiyo yalitusimamisha Kigoma."

Baba alikohoa. Sheikh alitazama mkeka. Suud peke yake hakuyasikia maneno yake mwenyewe.

"Khadidja," sheikh akasema, "umemsikia. Unaridhia akuoe?"

Shangazi alinyamaza.

"Khadidja, unaridhia?"

Akanyamaza. Nje mtu aliburuta ndoo uwanjani, ikasikika mpaka mwisho wa uwanja.

"Basi, sheikh," baba alisema, na uso wake ukafunguka. "Amekubali. Hata mara ya kwanza alinyamaza hivi hivi, tukasoma fatiha, tukala pilau."

"Mara ya kwanza alikuwa mwari," sheikh alijibu. "Kunyamaza ni jibu la mwari. Aliyekwisha kuolewa anatamka kwa ulimi wake. Asipotamka, hakuna ndoa."

"Sema basi, Khadidja!" Baba alipiga goti lake. "Mabomu yanatuangukia, we unafunga mudomo? Unataka tufie hapa wote? Nikuzike wapi, nyuma ya madrasa?"

Neno lilimtoka. Aliujua ubaya wake pale pale, akaziba mdomo kwa kiganja.

Lakini lilikuwa limesemwa, na kwa mara ya kwanza Suud aligeuza kichwa upande ule, upande wa ukuta, ambako nyuma ya nyumba tatu za jirani ndiko madrasa ilikuwa. Nikaona ameelewa. Shangazi naye aliona. Aliinua macho akamtazama, wazi, bila hasira, naye hakuwa ananyamaza tena kwa ajili ya sheikh wala kwa ajili ya baba. Wote walidhani wanamsubiri yeye. Alikuwa anamsubiri Suud, na Suud alijua, maana nilimwambia. Neno nilikuwa nimemwekea mkononi.

Midomo yake ilicheza.

"Khadidja," alisema. "Mi..."

Birika liliniunguza vidole, nami sikuliweka chini.

"Wakati ulikuwa mubaya," akasema. "Wakati ule ulikuwa mubaya sana."

Shangazi alishusha macho. Hakutikisa kichwa wala hakuguna. Alinyoosha mkono, akaivuta ile khanga iliyofunika cherehani, akaikunja mara mbili, akaiweka pajani.

Sheikh alisubiri kama ilivyompasa kusubiri. Kisha akasoma fatiha fupi ya kuachana kwa amani, akainuka. Suud alikaa pale pale mpaka sheikh akamgusa bega. Mlangoni alihangaika na viatu vyake, akakivaa cha kulia mguu wa kushoto, akakivua. Hakuniangalia. Kutoka uani nilimwona akienda barabarani kwa njia ndefu, ile isiyopita madrasa.

Baba hakusema nasi siku ile. Soda zilizobaki alizigawa kwa majirani, chupa moja moja, kama mtu anayegawa vitu vya marehemu.

Mimi niliingia ndani nikiwa na hasira. Nilikuwa tayari kumwambia shangazi kwamba neno moja halistahili kutuzika sote, kwamba kimya ni kimya, kwamba Kigoma kuna taa usiku kucha. Juu ya milima ya Kanyosha kukasikika mshindo, kisha mwingine, vioo vya dirisha vikatetemeka. Shangazi alikuwa akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. Ilimbidi ajaribu mara nyingi, nami sikuthubutu kumsaidia.

"Soma," akasema.

"Kimekwisha, shangazi."

"Siyo mwisho. Mwisho ni uongo. Soma pale kwenye ngazi. Pale anangoja."

Nilikichukua kitabu. Nikaupata ule ukurasa bila kuutafuta, ulikuwa umelainika kwa kufunguliwa. Ilikuwa jioni, kwato zimepita na si zake, bibi ameegemea nguzo, anaangalia njia hadi giza linapoimeza. Shangazi alinisubiri nianze, mguu wake juu ya cherehani.

"Jua likazama," nikasoma, "na njiani hapakuwa na mutu."