Vikapu Marufuku

Miaka kumi na saba niliishi kwa kamba. Magoti yangu yalipokataa ngazi, nilifanya kama wanawake wengine wa Kairo: nilifunga kikapu kwenye kamba, nikawa nakishusha kutoka roshani yangu ya ghorofa ya nne. Mzee Bayumi, muuza maharage, alikuwa ananitilia bakuli la maharage ya moto, mikate, na matusi mawili matatu.

"Inshirah! Shuka mwenyewe siku moja, au umeoza huko juu?"

"Ongeza limau, bahili wewe!"

Basi wakaja watu wa maendeleo. Mtaa wetu, wakasema, utakuwa wa waendao kwa miguu. Siwasingizii, walitengeneza vizuri. Magari yaliondolewa, wakatandaza mawe, wakapanda miti, wakaweka mabenchi. Watoto walicheza mpira pale ambapo zamani hata paka hakuthubutu kuvuka. Nilifurahi, wallahi. Kisha mkokoteni wa Bayumi ukafukuzwa, na mlinzi mpya, Shaabani, akaniita kutoka chini.

"Hajati! Pandisha hicho kikapu! Vikapu marufuku, vinaharibu sura ya mtaa."

"Na mimi nile nini, sura ya mtaa?"

"Mwambie mhandisi wa mradi, mama. Mimi nimetumwa tu."

Jengo letu siku hizi limebaki maghala tu. Jirani yangu wa mwisho alishahamia kwa mwanawe. Shaabani mwenyewe, Mungu amjalie, aliniletea mkate kila alipokumbuka. Hakukumbuka kila siku. Nililia kwa hasira. Mtaa mzima umetengenezewa wenye miguu, na yangu ilishanisaliti.

Niliposikia kwamba mhandisi Raafati anakuja kukagua, niliamua kumfuata. Nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Nikafika kwenye benchi nimejaa vumbi kama gunia la unga. Lakini jua lilinipiga usoni, watu wakanisalimu, na hasira ikaniisha. Mhandisi alinikuta nacheka peke yangu.

"Pamekupendeza, mama?"

"Sana, mwanangu. Lakini niruhusu kikapu changu. Bila hicho nimefungwa huko juu."

"Inshallah, mama, inshallah. Hebu tabasamu kidogo."

Mtu wake akapiga picha. Nimezaliwa Misri, nimezeekea Misri. Nilipaswa kujua kwamba inshallah ya mtu asiyekutazama machoni maana yake ni hapana. Lakini nilikuwa nimekaa juani, nikaamini.

Mafundi wawili walinipandisha kwa kiti. Mmoja akalalamika kwamba mimi ni mzito kuliko friji. Nikamwambia friji haimwombei mtu dua.

Siku tisa nilingojea ruhusa. Ya kumi nikasikia watu juu ya paa wakishusha kitu kizito, na chumba changu kikaingia giza. Nilijikokota mpaka roshani. Turubai kubwa lilikuwa limefunika ukuta wote wa mbele. Nikalisukuma, lakini walikuwa wamelikaza kwa waya pande zote.

"Shaabani! Mmenifanya nini?"

"Ni picha yako, Hajati!" Alikuwa amefurahi kweli. "Kubwa kuliko mlango wa msikiti! Umekaa kwenye benchi, meno yote nje. Wameandika: MTAA NI WAKO."

"Liondoeni! Sioni kitu!"

"Wamesema litakaa mpaka mwakani, mama. Subira."

Ngoma za uzinduzi wa mtaa zikaanza, na sauti ya Shaabani ikapotea humo. Nikaita tena. Chini yangu kabisa nikamsikia mwanamke mgeni akimwambia mwenzake, "Ona bi kizee yule alivyo na raha."

Nikalipiga turubai kwa ngumi zote mbili.

"He, mtazame," akasema. "Upepo unamchezesha mdomo, kama anataka kusema kitu."