Ng'ombe Wanaolala Hapa

Rogathe alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Pale chuo cha mifugo, wenzake wakishanawa mikono na kukimbilia ugali, yeye alibaki zizini akimganda mwalimu: kwa nini hivi, kwa nini si vile. Walimcheka. Mtihani hauulizi hayo, walimwambia, na kweli haukuuliza.

Mwaka wa mwisho alipelekwa fildi kijijini Gendabi pamoja na Vitalis, kijana mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa simu. Afisa mifugo, Bwana Patriki, mtu wa kuja kutoka Ruvuma, aliwaambia mapema kwamba mradi wa chanjo utamwajiri mmoja wao akimaliza chuo. Wapite nyumba kwa nyumba wajue idadi ya ng'ombe, ili chanjo ziagizwe. Rogathe aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukampaa. Kwao Bashay vijana wenye vyeti walikuwa wanashinda vijiweni.

Vitalis alimaliza upande wake upesi, akarudi kunywa chai. Rogathe alikuwa bado nyumba za mwanzo.

"Binti, unahesabu ng'ombe au unawachumbia?" Bwana Patriki alimuuliza.

Kilichomchelewesha ni Mama Judica, mfugaji. Alipomuuliza ana ng'ombe wangapi, mama alijibu, "Wapo wachache tu," na zizi nyuma yake limefurika. Baba yake Rogathe naye hujibu hivyohivyo. Halafu akamsikia mama akimwita ng'ombe mmoja mwekundu "wa Akonaay".

"Kwa nini wa Akonaay, mama?"

"Si ni wake? Analala kwangu, mimi nakamua. Wangu wengine wako kwake, wengine Balangdalalu kwa shemeji."

"Na kwa nini hunitajii idadi?"

"Mtu na akili zake hataji idadi ya ng'ombe wake, mwanangu. Ukitaja, wanapukutika."

Rogathe alisisimka mwili mzima. Akafikiri, akauliza upya: "Basi, leo jioni wanaolala hapa ni akina nani?"

Mama Judica akacheka, akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, na mama zao. Rogathe akawa anakunja vidole. Kesho yake alizirudia nyumba zote na swali hilohilo.

Siku ya chanjo, upande wa Vitalis dawa ziliisha foleni ikiwa bado ndefu. Watu wakafoka, Bwana Patriki akatoka jasho. Upande wa Rogathe zilitosha, zilizobaki wakazikimbiza kwa Vitalis.

"Walinidanganya!" Vitalis alilalamika.

"Hawakukudanganya," Rogathe alimjibu. "Uliwauliza walicho nacho, mimi niliuliza wanaolala kwao."

Jioni Bwana Patriki alimpa Rogathe simu yake. Aliyepiga alikuwa Mama Hilaria, mkuu wa mradi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia wewe mtoto wa wafugaji. Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Rogathe alifungua mdomo. Idadi aliijua, alikuwa amewakamua tangu utoto. Haikutoka.

"Wapo wachache tu, mama."

Mama Hilaria akaangua kicheko kirefu. "Hata kwetu hujibu hivyohivyo. Maliza mtihani, uje usaini mkataba."

Rogathe alirudisha simu huku machozi ya furaha yakimtoka. Bwana Patriki alikuwa anamtazama, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

"Hebu kaa hapa," alisema. "Kwa nini hukumtajia?"

Ugonjwa ulikuwa umeanza kumshika na yeye.